Wana Kusini naombeni ushauri: viza ya kwenda kusoma Kiingereza nje, nianzie wapi?

Binti_Mikindani

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu habari zenu.

Nipo Mikindani, Mtwara. Kazi yangu ni kutembeza wageni: Boma la Wajerumani, nyumba za kale, habari za Livingstone aliyeanzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866, na kuanzia Julai hadi Oktoba tunatoka na boti kutazama nyangumi wanaopita baharini kwetu. Kiingereza nimekiokota kazini. Maelezo ya Boma nayatiririsha bila kukwama kwa kuwa nimeyakariri, lakini mgeni akiuliza jambo la pembeni naduwaa. Msimu uliopita mama mmoja aliniuliza kwa nini siku nyingine maji yanakupwa mbali sana na siku nyingine hayaendi kokote. Mimi mtoto wa pwani, bamvua na maji mafu nayajua tangu sijaanza shule. Nilitoa sentensi mbili, nyingine nikamalizia kwa mikono. Naipenda kazi hii na nataka niifanye vizuri, ndiyo sababu nimeamua kusoma.

Baba ana mikorosho Tandahimba. Amesema malipo ya msimu huu yakiingia, yeye na baba mdogo watanichangia, jumla kama milioni 20, nikasome Kiingereza mahali watu wanapokizungumza. Kwao hiyo si fedha ndogo. Nataka itumike sawasawa.

Nimesoma mtandaoni hadi nimechanganyikiwa. Kuna viza ya mgeni, kuna ya mwanafunzi, kuna ya masomo ya muda mfupi, na kila nchi ina yake. Halafu kuna wakala mmoja mjini anataka nimpe milioni 9, nusu ikitangulia, anipeleke Kanada kwa kozi ya lugha ya miezi 8 huku nikifanya kazi. Anasema nisihangaike na stetimenti ya benki, atanitafutia. Moyo wangu unasita.

Waliopita njia hii nisaidieni. Nchi gani, viza ipi, na fedha za korosho zinaelezwaje ubalozini? Nina miaka 26, nimeishia kidato cha nne, sijaolewa, pasipoti bado sina.

Kaka_Ligula

Dada, kwa nilivyoona kwa binamu yangu, Marekani ndiko kuna shule nyingi za lugha. Unapata fomu ya I-20 kutoka shuleni, unalipia ada ya SEVIS (mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) dola 350, unajaza DS-160, yaani fomu ya kuomba viza, unakwenda usaili ubalozini Dar. Viza yenyewe inaitwa F-1 na lazima usome angalau saa 18 za darasani kwa wiki. Yeye aliipata na alirudi anaongea vizuri sana. Huyo wa milioni 9 achana naye.

Mwl_Masasi

Marahaba mwanangu.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza sekondari huku Masasi. Nilisoma kozi ya lugha Dublin, Ireland, nikarudi darasani kwangu, na tangu hapo vijana wanaoniletea fomu zao hawakauki mlangoni. Nitaandika kirefu kwa sababu nimeona hela za korosho zikipotea kwa mambo ambayo mtu angeambiwa mapema yasingetokea.

Naanza na huyo wakala: usimpe hata shilingi. Kanada, kozi ya miezi 6 au pungufu haihitaji kibali cha masomo, unaingia kwa viza ya mgeni. Ikizidi miezi 6 unahitaji kibali, na mwanafunzi wa kozi ya lugha haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo. Kwa hiyo anachokuuzia, kozi ya lugha ya miezi 8 pamoja na kazi, hakipo katika sheria zao. Hilo la kukutafutia stetimenti ndilo linalonitisha zaidi. Kanada wakibaini nyaraka ya uongo kwenye ombi lako wanakufungia mlango kwa miaka 5. Uingereza wanakufungia kwa miaka 10. Wakala atabadilisha namba ya simu, na jina litakalobaki kwenye kompyuta zao ni lako. Na mtu anayepeleka Watanzania kazini nje ya nchi anatakiwa awe na leseni ya Kamishna wa Kazi. Mwombe akuonyeshe yake uone atakavyojibu.

Kaka wa Ligula, utaratibu wa F-1 umeueleza sawa, ila kwa sasa mlango huo haupo kwetu. Tamko la rais wa Marekani la Desemba 2025 liliiingiza Tanzania katika nchi zilizowekewa vikwazo vya sehemu, na viza za F kwa wanafunzi zimo, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Binti asitumie fedha kufukuzia I-20 mpaka hilo litakapoondolewa.

Sasa tuje kwenye swali lako. Kijana akinijia humuuliza kwanza anahitaji wiki ngapi, habari za nchi tunaziweka baadaye, kwa sababu viza za masomo ya lugha karibu zote zimegawanywa kwa urefu wa kozi. Viwango vya Kiingereza wenzetu wanavipanga kuanzia A1, A2, B1, B2, C1 hadi C2, na kutoka ngazi moja hadi nyingine hukadiriwa kuwa ni kama saa 200 za kufundishwa. Kwa ulivyojieleza, wewe uko kwenye A2 unakaribia B1, au umeshaigusa B1 kwa kusikiliza na kuongea. Shule nyingi zina kipimo cha bure mtandaoni, kifanye bila kusaidiwa na mtu. Kozi ya wiki 12 yenye saa 15 kwa wiki ni saa 180, yaani karibu ngazi moja. Wiki 25 kwa saa hizohizo ni 375, karibu ngazi mbili. Ukitoka A2 ukafika B2 utamweleza mgeni bamvua na maji mafu na bado utamjibu la pili na la tatu.

Wiki hizo zikikaa kichwani, viza zinajipanga zenyewe.

Uingereza, kozi isiyozidi miezi 6 unaisoma kwa viza ya kawaida ya mgeni. Kwa viwango vya 2025 ada yake ni pauni 127. Masharti ni kwamba shule iwe imeidhinishwa (British Council ina orodha ya shule za Kiingereza ilizozikagua, itazame kabla hujalipa chochote), huruhusiwi kufanya kazi, na huwezi kugeuza viza hiyo kuwa ya mwanafunzi ukiwa kulekule. Wiki 12 zinaingia humo, hata 24 zinaingia. Kozi ikiwa ya miezi 6 hadi 11 kuna viza nyingine ya masomo ya muda mfupi, ni ya Kiingereza peke yake, kwa mwenye miaka 16 na kuendelea. Hapo unaongezewa ada ya huduma za afya ambayo ni kubwa kuliko ada ya viza yenyewe, na kipimo cha kifua kikuu ambacho Watanzania wanakifanyia kliniki ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, Dar. Nayo haina ruhusa ya kazi wala ya kuongeza muda. Ile kubwa, viza ya mwanafunzi yenye namba ya CAS (uthibitisho kutoka chuoni kwamba umepokelewa), kwa kozi ya lugha inataka kozi iwe ya B2 kwenda juu. Kwako bado.

Ireland ndiko nilikosoma, kwa hiyo huko naongea nilichokiona. Kozi isiyofika miezi 3 unaomba viza ya muda mfupi, aina ya C. Ikizidi hapo unaomba aina ya D. Ile D kwa kozi ya lugha inataka kozi iwe kwenye orodha ya serikali yao inayoitwa ILEP, iwe ya wiki 25 angalau, saa 15 kwa wiki, na uwe umejiandikisha kufanya mtihani unaotambuliwa mwishoni. Ukifika unajisajili Uhamiaji wa kule kwa euro 300 na unapewa ruhusa iitwayo Stamp 2 ya miezi 8. Hiyo ndiyo inayoruhusu kazi: saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na 40 katika miezi ya Juni hadi Septemba na kuanzia 15 Desemba hadi 15 Januari. Mahudhurio yasishuke chini ya asilimia 85.

Usikie neno kazi ukapata tamaa, mwanangu. Afisa wa viza anataka kuona kwamba unaweza kujilipia kila kitu bila hiyo kazi. Tena chumba Dublin ni shida kubwa. Wengi niliosoma nao walilala wanne chumba kimoja, kazi wakapata usiku, na asubuhi wakasinzia darasani. Darasa langu lilijaa Wabrazili, watu wema sana, lakini kengele ikilia wanarudi kwenye Kireno chao. Kiingereza changu mimi kilinyooka kwenye kwaya ya kanisa la Kianglikana karibu na nilipopanga. Wazee wa pale waliniuliza kila Jumapili habari za Masasi, nami nikalazimika kueleza mlima wa Mkomaindo, korosho, kila kitu, kwa sentensi nzima. Kokote utakakokwenda, tafuta mahali pa namna hiyo wiki ya kwanza.

Malta wengi huku hawaifahamu. Ni kisiwa, Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta, na shule za lugha ziko nyingi. Imo kwenye Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo ni siku 90 ndani ya siku 180, ada ya viza euro 90, na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Wiki 12 ni siku 84, zinatosha, ila usikate tiketi ya kukaa hadi siku ya mwisho kabisa. Australia nitaipita haraka: viza yao ya mwanafunzi tangu Julai 2025 ni dola 2,000 za kule kwa ombi tu, na ukikataliwa hazirudi.

Ungekuwa mwanangu wa kuzaa ningekwambia hivi. Chukua wiki 12, Machi hadi Mei, wakati wa masika ambapo wageni Mikindani ni wachache na mwajiri wako hataumia sana kukupa ruhusa. Uingereza kwa viza ya mgeni, au Malta. Julai uko kwenye boti na nyangumi. Afisa anayesoma ombi lako anajiuliza jambo moja kuliko yote: huyu atarudi? Msichana wa miaka 26 asiye na mume anayeomba miezi 8 yenye ruhusa ya kazi ana mzigo mkubwa wa kulijibu hilo. Anayeomba wiki 12 katika msimu mfu wa kazi yake, akiwa na barua ya mwajiri inayosema msimu unafunguliwa Juni na nafasi yake ipo, jibu lake linaonekana kwenye karatasi.

Fundi_Mingoyo

Heshima kwako mwalimu. Naongezea la jirani kwa sababu si kila mtu ana milioni 20.

Mimi ni fundi umeme, Lindi. Tangu ule mradi wa gesi wa Likong'o uanze kuzungumzwa, sisi mafundi wa huku tunaambiwa Kiingereza, Kiingereza. Mkataba wa awali wa mwaka 2022 ulivyosainiwa mimi nikasema sisubiri. Nilikwenda Kampala. Mtanzania haulizwi viza Uganda, ni mwana Jumuiya ya Afrika Mashariki. Unaingia kwa pasipoti, na ukishapata barua ya shule unaomba pasi ya mwanafunzi, ambayo kwa raia wa Jumuiya hailipiwi.

Nilifikiria Nairobi kwanza kwa kuwa ni karibu. Nilipopita hapo nikaona kila mtu ananijibu Kiswahili mara anaposikia lafudhi yangu. Kampala ni tofauti. Muuza rolex (chapati ya mayai) wa barabarani, dereva wa boda, mwenye nyumba, wote na mgeni wanazungumza Kiingereza, maana Kiluganda hukijui na Kiswahili wengi hawakipendelei. Nililazimika. Lafudhi ya kule ina mambo yake, lakini leo maelekezo ya transfoma nayasoma mwenyewe na wageni wa mradi tunaelewana.

Afrika Kusini pia Mtanzania anaingia bila viza kwa safari fupi hadi siku 90, na Cape Town kuna shule za lugha. Maisha ni ghali kuliko Kampala ila ni nafuu kuliko Ulaya.

Dada, kama lengo ni wageni wa Ulaya, fuata ya mwalimu. Ila hata Kampala wiki 12 ukiishi na familia ungetumia robo ya hiyo fedha, na iliyobaki ukanunua boti.

Binti_Mikindani

Mwalimu, Mungu akuweke. Nimesoma mara mbili na nimempigia baba nikamsomea. Kaka Fundi, la boti limemfurahisha baba mno, amesema tulijadili.

Wakala amenipigia leo jioni, nikamwomba leseni ya Kamishna wa Kazi. Amekata simu.

Sasa niulize hapo nilipokwama. Akaunti yangu mimi ina mshahara mdogo unaoingia kila mwezi, na msimu wa wageni kuna bahashishi ninazoweka. Fedha ya shule itatoka kwa baba, na ya baba inaingia kwa mkupuo. Miezi mingi akaunti yake imelala, halafu Novemba zinaingia milioni kadhaa kutoka AMCOS, chama cha msingi cha ushirika. Rafiki yangu anayefanya kazi Dar anasema fedha ikiingia ghafla hivyo wanakataa, wanasema umekopa ili uwaonyeshe. Baba azihamishie kwangu au zibaki kwake? Na tuziache zikae muda gani?

Mwl_Masasi

Umeuliza penyewe, na hapa ndipo watu wa Tandahimba na Newala wanapokataliwa bila sababu.

Afisa wa viza anatazama stetimenti za miezi 6. Ireland wameandika waziwazi kwamba fedha kubwa au isiyo ya kawaida inayoingia lazima ielezwe, na kwa Uingereza nao wanatazama fedha imetoka wapi. Rafiki yako amesema nusu ya ukweli. Mkupuo wenyewe hauna kosa. Mkupuo usio na maelezo ndio unaoonekana kama wa kuazima. Wewe una maelezo mazuri kuliko wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, kwa sababu korosho inauzwa kwa stakabadhi ghalani na kila kilo ina karatasi yake.

Mwambie baba akusanye hivi. Stakabadhi alizopewa na AMCOS alipopeleka korosho, zikionyesha kilo na daraja. Karatasi ya malipo inayotaja mnada na bei. Stetimenti ya benki inayoonyesha fedha hiyohiyo ikiingia kutoka chama cha msingi. Na hili watu hulisahau: stetimenti za misimu miwili au mitatu iliyopita, au angalau za Oktoba hadi Januari za miaka hiyo. Afisa akiona 2023 fedha iliingia Novemba, 2024 ikaingia Novemba, na mwaka uliofuata vilevile, anaelewa kwamba huyu ni mkulima na haya ndiyo mavuno yake. Andika barua fupi ya kumweleza mtu asiyejua mkorosho: tunapulizia salfa katikati ya mwaka, tunaokota kuanzia Septemba au Oktoba, chama kinakusanya, mnada unafanyika, malipo yanapitia benki mara moja au mbili tu kwa mwaka. Taja bei. Mnada wa kwanza wa Oktoba 2024 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, ndiyo maana kuna wazee mwaka ule stetimenti zao ziliruka. Ukiacha bila kusema, mtu wa mbali atashangaa.

Fedha zibaki kwa baba. Ukizihamishia kwako, akaunti yako ndiyo itakayokuwa na mkupuo usioeleweka, na mshahara wako utaonekana hauhusiani nao. Baba aandike barua ya kukudhamini, aambatishe kitambulisho chake cha NIDA, na wewe cheti chako cha kuzaliwa kinachomtaja yeye kama baba. Baba mdogo naye aandike yake na stetimenti yake. Sehemu ya ada ilipwe moja kwa moja shuleni kutoka akaunti ya baba na risiti iwekwe kwenye ombi. Kabla ya kulipa, waombe shule wakutumie kwa maandishi utaratibu wao wa kurudisha ada endapo viza itakataliwa. Shule inayosita kukuandikia hilo, iache.

Akaunti yako mwenyewe usiiguse kuipamba. Mshahara mdogo unaoingia kila mwezi ni ushahidi wa kazi, na kazi ndiyo inayokurudisha nyumbani. Bahashishi zako endelea kuziweka benki kama kawaida.

Kama shamba lina hati ya kimila, iweke. Kama halina, barua ya mtendaji wa kijiji inasaidia ingawa si nzito kama hati. Mwajiri aandike mshahara, tangu lini uko naye, ruhusa ni ya tarehe gani hadi gani, na umuhimu wa Kiingereza kwenye kazi yako. Asiandike sifa nyingi.

Wakikukataa, soma barua ya kukataliwa neno kwa neno kabla ya kufanya lolote. Ireland unaweza kukata rufaa bure ndani ya miezi 2. Uingereza kwa viza ya mgeni hakuna rufaa, unaomba upya na kulipa upya, kwa hiyo omba upya pale tu unapokuwa na karatasi mpya inayojibu sababu waliyoitoa. Nimeona kijana wa Nanyamba akirudisha karatasi zilezile na jibu likawa lilelile.

Msafiri_Shangani

Nichangie la safari, maana ombi la Uingereza nimelifanya kutoka hapa Mtwara. Fomu unajaza mtandaoni ukiwa nyumbani, lakini alama za vidole na picha ni Dar. Panga miadi Desemba au Januari, usisubiri masika. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga, barabara ilikatika Somanga na watu wakakwama siku kadhaa. Aliyekuwa na miadi Dar wiki ile aliipoteza. Tangulia siku moja ulale kwa ndugu. Pasipoti wanabaki nayo wakati wa kushughulikia ombi, kwa hiyo usipange safari nyingine katikati.

Na pasipoti yenyewe usiifuate Dar, ofisi ya Uhamiaji ya mkoa hapahapa inapokea. Unaanza kujaza mtandaoni, jumla ya gharama ni shilingi 150,000, na inadumu miaka 10.

Binti_Mikindani

Nawashukuru nyote kwa moyo. Nimekaa na baba na baba mdogo jana. Tumekubaliana wiki 12, Machi. Baba anataka Uingereza, mimi naitazama Malta kwa gharama. Nimeandikia shule tatu za huko na mbili za Uingereza, zote ziko kwenye orodha za kuidhinishwa, nikauliza na hilo la kurudisha ada. Mbili zimeshajibu kwa maandishi.

Mwalimu, maswali mawili ya mwisho. Karatasi za AMCOS, barua ya mtendaji na ya baba zote ni za Kiswahili, nizitafsiri mwenyewe? Na kwenye cheti changu cha kidato cha nne jina la babu limeandikwa kwa herufi moja tofauti na la NIDA. Ni tatizo?

Mwl_Masasi

Usizitafsiri mwenyewe, hata ungekuwa profesa. Tafsiri iwe na jina la mfasiri, saini, tarehe, mawasiliano yake, na tamko lake kwamba ni tafsiri sahihi ya nyaraka ile. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wanafanya kazi hiyo, tuma nyaraka zote kwa pamoja ili istilahi zifanane, stakabadhi isiitwe hivi kwenye karatasi moja na vile kwenye nyingine. Ya Kiswahili na ya Kiingereza ziambatane kila moja na mwenzake.

Barua ya baba aiandike yeye kwa maneno yake. Usimwandikie wewe kwa Kiingereza halafu asaini asichokisoma, maana wanaweza kumpigia simu kuthibitisha.

Herufi moja ni tatizo, na ni zuri umeliona leo. Jambo la kwanza kabisa, kabla hata ya pasipoti, linganisha cheti cha kuzaliwa, NIDA na cheti cha shule. Pasipoti itafuata NIDA na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo hivyo viwili ndivyo visipishane hata nukta. Kama kosa liko RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, rekebisha RITA, na uanze sasa kwa sababu inachukua muda. Kama kosa liko kwenye cheti cha kidato cha nne peke yake, nenda kwa wakili hapo Mtwara mjini ukaape kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, ukiambatishe. Ombi la shule lijaze kwa jina litakalokuwa kwenye pasipoti, na barua ya mwajiri vilevile. Ukimaliza kulinganisha, nitumie orodha ya nyaraka ulizonazo hapahapa nizipitie Jumamosi.